Ruvuma Isiwe Kisingizio cha Muhula wa Tatu

Tarehe 14 Oktoba 2020, wiki mbili kamili kabla ya Uchaguzi Mkuu, watu wenye silaha walivuka Mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, wakaingia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Waliua, wakachoma nyumba, wakarudi walikotoka. Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Simon Sirro, alilithibitishia taifa kwamba wavamizi walikuwa kama mia tatu. Tarehe 28 Oktoba vituo vya kura vilifunguliwa nchi nzima, Mtwara ikiwamo.

Tuchukulie kwamba havikufunguliwa. Tuchukulie kwamba baada ya Kitaya wapambe wachache wangemwendea Rais John Magufuli na Katiba mkononi, wamekunja ukurasa wa ibara ya 42(4). Ibara hiyo husomwa na wachache, lakini ipo. Inasema kwamba iwapo Jamhuri ya Muungano inapigana vita dhidi ya adui, na Rais akaona haiwezekani kufanya uchaguzi, Bunge linaweza kupitisha azimio la kuongeza muda wake wa miaka mitano. Kila nyongeza isizidi miezi sita. Ni mara ngapi nyongeza hiyo inaweza kurudiwa, ibara haisemi.

Basi Kitaya ingeitwa vita. Bunge lingeitwa Dodoma kwa dharura, azimio lingepita kwa sauti ya ndiyo, na hotuba nyingi zingetaja jina la Mtwara kwa huruma kubwa. Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 2015. Muda wake ungekwisha tarehe 5 Novemba 2020, nyongeza ya kwanza ingefika mwanzoni mwa Mei 2021. Na kifo, ambacho hakisubiri azimio la Bunge, kingemkuta palepale kilipomkuta: Jumatano ya tarehe 17 Machi 2021.

Hapo ndipo nchi ingeingia gizani. Ibara ya 37(5) inamtaka Makamu wa Rais ashike kiti kwa muda uliobaki. Muda gani ungebaki? Wiki saba za nyongeza. Rais mpya angeapa kulinda Katiba huku mwenyewe akiwa amesimama juu ya siku 49 za hisani, na ili aendelee baada ya hapo angelazimika kuwaomba wabunge ambao muda wao wenyewe ulikwisha mwaka uliopita. Kila waziri mwenye ndoto ya Ikulu angehesabu siku hizo. Kila kamanda angejiuliza amri anayopokea itadumu hadi lini.

Na katika hali hiyo, tarehe 24 Machi, Palma ingeshambuliwa. Hilo hatukulibuni. Wiki moja baada ya kifo cha Rais, kabla hajazikwa Chato, wapiganaji waliingia Palma, mji ulio mwendo mfupi kusini mwa mdomo wa Ruvuma, jirani na mradi mkubwa wa gesi wa Afungi. Watu walikimbia kwa miguu, kwa mashua, kwa chochote kilichoelea. Wengine walielekea mtoni kuja kwetu. Nani angetoa amri mpakani siku ile? Nani angeamua wakimbizi wapokelewe au wazuiwe? Anayekaa Dodoma anaweza kuliona hilo ni zoezi la wanasheria. Anayekaa Kilambo, ambako pantoni hungoja maji yajae ili ivuke, anajua kwamba jeshi lisilojua Amiri wake ni nani huanza kwa kuwaacha watu wa kando ya mto wajipiganie.

Wapo watakaosema gazeti limekosa kazi, linatunga mambo ambayo hayakutokea. Mwaka 1976, pale Kenya, wanasiasa walipozunguka wakitaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike kiti Mzee Jomo Kenyatta akifariki, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alitoa onyo kwamba hata kuwaza kifo cha Rais ni kosa, na adhabu yake ni kunyongwa. Onyo lile lilimsaidia Makamu huyo, Daniel arap Moi, kufika Ikulu salama mwaka 1978. Halikuwasaidia Wakenya kuzoea kujadili urithi wa madaraka mchana kweupe, na walilipa miaka mingi. Sisi hatujakatazwa kuwaza. Ni wajibu wa raia kuwaza nchi ingekuwaje kama watu fulani, katika siku fulani, wangefanya kinyume cha walivyofanya, kwa sababu kesho wengine watakaa katika viti vilevile.

Tuseme yaliyotokea kweli. Usiku wa tarehe 17 Machi Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa msiba. Ijumaa ya tarehe 19 aliapishwa Ikulu, Dar es Salaam, mbele ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma. Kabla mwezi haujaisha Bunge lilikuwa limeshamthibitisha Philip Mpango kuwa Makamu wa Rais. Palma iliposhambuliwa, Tanzania ilikuwa na Amiri Jeshi Mkuu mwenye siku tano kazini na miaka minne na zaidi mbele yake. Baadaye mwaka huohuo nchi yetu ilipeleka askari Cabo Delgado chini ya kikosi cha SADC. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililalamika hadharani kwamba maelfu ya Wamsumbiji walirudishwa kupitia Negomano, na lilikuwa na haki ya kulalamika. Lakini lilijua malalamiko yake yanakwenda kwa nani. Serikali yenye mwenye dhamana aliye wazi ndiyo inayoweza kulaumiwa.

Hatusemi mambo yalikwenda vizuri mwanzo hadi mwisho. Rais alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari. Kwa zaidi ya wiki mbili wananchi waliambiwa yupo kazini, na waliouliza mitandaoni wengine walikamatwa na polisi. Katiba hiyohiyo ina utaratibu wa Rais anapougua hata asiweze kazi: Baraza la Mawaziri linamwomba Jaji Mkuu athibitishe, na Jaji Mkuu anateua jopo la madaktari wasiopungua watatu. Utaratibu huo haukuandikwa uwe pambo. Mawaziri waliokula kiapo walikuwa na wajibu wa kuwaambia wananchi ukweli, na kwa muda ule wote hawakuutimiza. Tuliponea kwa sababu ibara ya urithi ilikuwa imeandikwa wazi kuliko ulimi wa viongozi wetu.

Kusini tuna mfano wa karibu wa urithi ambao haukuandikwa wazi. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa kitabu kilichofichwa bomu. Makamu wake, Uria Simango, alitarajia kushika nafasi. Kamati Kuu ya chama ikaamua uongozi uwe wa watu watatu: yeye, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Mwaka haukupita Simango akawa nje ya uongozi. Mwaka 1970 Machel akawa Rais. Mei 1975 Simango aliletwa Nachingwea, hapa kwetu kusini, akasomeshwa mbele ya umati kurasa nyingi za kukiri makosa. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mahakamani. Nani alikuwa na haki katika mvutano ule, wanahistoria wanaendelea kubishana. Sisi tunaona jambo moja: panapokosekana kanuni ambayo kila upande umeikubali kabla ya msiba, msiba huamuliwa na mwenye bunduki.

Turudi kwenye kisingizio cha vita, maana ndicho kinachotuhusu zaidi watu wa mpakani. Tanzania imepigana vita vya kweli. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakatangaza sehemu ya ardhi yetu kuwa yao, na nchi nzima ikajifunga mkanda hadi Aprili 1979 Kampala ilipoanguka. Uchaguzi uliofuata ulifanyika mwaka 1980, kama ulivyopangwa. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa na sababu zote za dunia za kusema nchi imechoka, hazina ni tupu, tungoje. Hakusema hivyo. Kama vita ile haikuahirisha uchaguzi, hakuna tukio la mpakani, liwe chungu namna gani, linaloweza kupewa kazi hiyo. Watu wa Kitaya walizika ndugu zao. Wasigeuzwe kuwa sababu ya mtu kubaki Ikulu.

Kisingizio cha pili ni kitamu zaidi, na hapa gazeti hili linawageukia wasomaji wake wenyewe. Ni kile cha kusema: mwacheni amalizie kazi, huyu ni wetu.

Benjamin William Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, tarehe 12 Novemba 1938. Alishika urais Novemba 1995, na kwa miaka kumi watu wa kusini walikuwa na mtu wao Ikulu kwa mara ya kwanza. Mwaka 2003 daraja la Rufiji lilifunguliwa likapewa jina lake, na aliyewahi kukwama kwenye kivuko cha Ndundu msimu wa mvua, gari limezama kwenye tope hadi milangoni, hahitaji kuelezwa daraja lile lilikuwa na maana gani. Lakini barabara ilikuwa haijakwisha. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita kama 60, kilibaki kuwa jehanamu ya madereva. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ilikuwa haijawasha taa hata moja. Ushoroba wa Mtwara, mpango wa kuiunganisha bandari yetu na Msumbiji, Malawi na Zambia, ulikuwa bado kwenye karatasi.

Sasa tuchukulie kwamba mwaka 2004 Mkapa angesema kazi haijakwisha. Ni nani wangekuwa wa kwanza kupiga makofi? Ni sisi. Wazee wangevaa kanzu wakapanda mabasi kwenda Dodoma kumwomba aendelee. Ngoma za Kimakonde zingelia uwanja wa Nangwanda Sijaona. Wahariri wa kusini, wa gazeti hili wakiwa miongoni mwao, wangeandika kwamba Katiba imetungwa na watu na watu wanaweza kuibadili. Na wabunge wangebadili, kwa kuwa theluthi mbili ya kura ilikuwa mkononi mwa chama chake.

Halafu? Barabara ya Ndundu hadi Somanga ilimalizika hata hivyo, Mkapa akiwa raia wa kawaida. Taa zilianza kuwaka kwa gesi ya Mnazi Bay chini ya Rais mwingine. Daraja la Umoja kule Mtambaswala, mita 720 juu ya Ruvuma, lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na Jakaya Kikwete na Armando Guebuza. Waliolitamani kwanza, Nyerere na Machel, walikuwa makaburini. Kazi ya nchi haijawahi kumalizwa na aliyeianza, na wala haidaiwi kumalizwa naye. Anayedai kwamba barabara fulani haiwezi kujengwa bila mtu fulani anawatukana wahandisi, wakandarasi na walipa kodi, tena anamtukana huyo mtu kwa kumwambia kwamba katika miaka kumi hakuacha ofisi inayoweza kufanya kazi bila yeye.

Kulikuwa na nafasi nyingine mwaka 2005 ambayo mwenye tamaa angeitumia. Uchaguzi ulipangwa tarehe 30 Oktoba. Siku chache kabla, mgombea mwenza wa CHADEMA, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki dunia, na uchaguzi wa Muungano ukasogezwa hadi 14 Desemba. Mkapa aliendelea kushika kiti wiki kadhaa zaidi ya ilivyotarajiwa. Katika nchi nyingine wiki hizo zingezaa miezi. Hapa hakuna aliyethubutu, na tarehe 21 Desemba Kikwete aliapishwa. Mkapa alirudi kuishi kama raia, akaenda Nairobi mwaka 2008 pamoja na Kofi Annan na Graça Machel kutuliza moto wa Kenya, na tangu 2016 akasimamia mazungumzo ya Warundi. Alizikwa Lupaso mwezi Julai 2020.

Hao Warundi aliokuwa akiwasuluhisha walifikishwa pale na muhula wa tatu. Mwaka 2015 Pierre Nkurunziza aling'ang'ania kugombea tena. Tarehe 13 Mei, akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa nchi uliozungumzia balaa hilohilo, maofisa wa jeshi lake walijaribu kumpindua. Wakimbizi walijazana Kagunga, kijiji cha Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikawafuata. Uganda iliondoa ukomo wa mihula mwaka 2005, na mwaka 2017 ikaondoa kikomo cha umri wa miaka 75. Hatua zote mbili zilipita bungeni kwa kura halali.

Tazameni nchi nne za Ushoroba wa Mtwara katika miaka mitano tu. Zambia, 2001: Frederick Chiluba alitaka muhula wa tatu, chama chake na mitaa ya Lusaka vikamkatalia. Malawi, 2002: muswada wa kumfungulia njia Bakili Muluzi ulianguka bungeni kwa upungufu wa kura tatu. Msumbiji, 2004: Katiba ilimruhusu Joaquim Chissano kugombea tena, naye akakataa, Februari 2005 alimkabidhi Guebuza. Tanzania, Desemba 2005: Mkapa akamkabidhi Kikwete. Mwaka mmoja, ng'ambo zote mbili za Ruvuma, Marais wawili walishuka ngazi kwa miguu yao wenyewe. Kama kuna mali ambayo ushoroba huu umekwisha kuisafirisha, kabla ya makaa ya mawe na chuma cha Liganga tunachoendelea kukisubiri, ni hiyo.

Lakini rudini Malawi. Kura tatu. Muluzi hakuzuiwa na umati wala na mabalozi. Alizuiwa na wabunge wachache ambao majina yao hayafundishwi shuleni, waliokataa kunyanyua mkono. Zanzibar nako, mwaka 2000, wapo waliotaka Katiba ya huko ibadilishwe ili Dk. Salmin Amour agombee mara ya tatu. Vikao vya CCM chini ya uenyekiti wa Mkapa vilikataa, na Amani Abeid Karume akapitishwa. Ni wajumbe walioamua, watu waliosafiri kwa nauli ya chama na kulala kwenye nyumba za wageni za Dodoma. Ukomo wa urais unalindwa na watu wa aina hiyo, au haulindwi kabisa.

Ndiyo maana tunawaambia wazi wanaoshika kura hizo leo.

Kikomo cha mihula miwili kiliingia katika Katiba yetu kwa marekebisho ya mwaka 1984, Nyerere akijiandaa kung'atuka baada ya zaidi ya miaka ishirini. Hakikuletwa na kura ya maoni, na hakihitaji kura ya maoni kuondolewa. Ibara ya 98 inadai theluthi mbili ya wabunge wote, basi. Jambo la kuwepo kwa Muungano linahitaji theluthi mbili ya pande zote mbili. Idadi ya mihula ya Rais haimo katika orodha ya mambo ya aina hiyo. Mwaka 2017 mbunge wa Chemba, Juma Nkamia, alikusudia kuwasilisha muswada binafsi wa kurefusha muhula kutoka miaka mitano hadi saba. Januari 2018 Magufuli, kupitia kwa Humphrey Polepole aliyekuwa msemaji wa chama, alisema hana mpango huo. Tunampongeza marehemu kwa jibu hilo. Lakini kinga inayotegemea jibu la mtu mmoja ni kinga ya kuazima, na wabunge waliokaa kimya wakingoja kusikia Rais atasema nini hawakutimiza wajibu waliopewa na waliowachagua.

Sasa tuko baada ya Oktoba 2025. Ibara ya 40(4) iko wazi: Makamu wa Rais aliyeshika kiti kukiwa kumebaki miaka mitatu au zaidi ataruhusiwa kugombea mara moja tu. Rais Samia alishika kiti mwaka 2021 kukiwa kumebaki zaidi ya minne. Amegombea mwaka 2025. Mwaka 2030 hagombei. Hilo halina tafsiri mbili. Hata hivyo tayari wapo wanaojiita chawa, kwa jina wanalojivunia wenyewe, ambao kazi yao ni kuimba kwamba hakuna mwingine. Waliimba hivyo kwa Magufuli. Wataimba hivyo kwa atakayefuata. Wasichukuliwe kuwa kichekesho, kwa sababu Januari 2025 tuliona Mkutano Mkuu wa CCM ukimpitisha mgombea pekee wa urais miezi mingi kabla ya fomu kutolewa, kwa wajumbe kusimama na kushangilia. Ukumbi unaoweza kuruka utaratibu wa fomu kwa shangwe, siku moja utaambiwa uruke ibara.

Hatutajifanya kwamba ukomo wa mihula peke yake unatosha. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika huku Mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu, akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Ukaisha kwa maandamano, vifo, intaneti kuzimwa na amri ya kutotoka nje jijini Dar es Salaam. Kubadilishana Marais ndani ya nyumba moja si sawa na wananchi kuchagua. Lakini tarehe ya mwisho inayojulikana ndiyo ngome ya chini kabisa. Ikiangushwa hiyo, hatuna tena pa kuanzia kudai mengine.

Na Mtwara ina sababu zake za kuikumbuka ngome hiyo. Novemba 2018, bei ya korosho ilipokwama mnadani, Rais aliamuru Serikali inunue zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Tulishangilia, na bei ilikuwa nzuri. Kisha wakulima wakakaa miezi wakingoja fedha, na aliyeuliza aliambiwa angojee. Hatusemi nia ilikuwa mbaya. Tunasema zao zima la mkoa lilikuwa linategemea neno la mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa wa kuulizwa na chama cha msingi cha ushirika cha Tandahimba wala Newala. Nguvu ya namna hiyo inavumilika kwa sababu tu ina siku ya kwisha.

Rasi ya Msimbati, pale gesi inapotoka, iliwahi kuwa na mtu asiyetaka siku ya kwisha. Mwingereza aitwaye Latham Leslie-Moore, aliyeishi pale miaka mingi, aliitangaza rasi ile kuwa nchi yake huru, akajipa usultani na bendera. Serikali ya Mwalimu ilimwondoa katika miaka ya 1960. Wazungu waliandika habari zake kwa kumcheka. Lakini aliyekaa mahali kwa muda mrefu hadi akaamini mahali pale hapawezi kuwa pa mwingine, hana tofauti kubwa na viongozi tunaowajua, ila hakuwa na Bunge la kumpigia kura.

Gazeti hili linadai mambo machache, na linayadai kwa majina ya vyeo.

Bunge lirekebishe ibara ya 42(4) ili nyongeza ya muda wakati wa vita iwe moja tu, na neno vita libaki kumaanisha vita iliyotangazwa kikatiba, si uvamizi wa usiku mmoja. Ukomo wa mihula uwekwe katika ibara zisizobadilishwa bila kura ya maoni ya wananchi. Baraza la Mawaziri litambue kwamba ugonjwa wa Rais una utaratibu wake katika ibara ya 37, na kwamba kuuficha ni kuvunja kiapo.

Wakuu wa wilaya wa mpakani waache kutumia hali ya usalama ng'ambo ya mto kuwa jibu la kila swali la kisiasa. Walinde mto. Maswali ya Katiba si kazi yao.

Wajumbe wa Mkutano Mkuu kutoka Mtwara na Lindi, wa CCM na wa vyama vingine vyote, wakumbuke kwamba walichaguliwa kupiga kura, na kura ni pamoja na hapana. Wazee wetu wasikubali kukodiwa mabasi ya kwenda kumwomba mtu yeyote abaki, hata awe ametoka Lupaso, Nanyamba au Mikindani.

Mwisho, kwa wabunge wa mikoa ya Mtwara na Lindi, mmoja mmoja. Tunawaandikia barua wiki hii kila mmoja kwa anwani yake, na swali ni moja: utapiga kura ya kurefusha au kuondoa ukomo wa urais uliowekwa na ibara ya 40, ndiyo au hapana? Jibu la ndiyo au la hapana tutalichapisha lilivyo, pamoja na jina la jimbo. Tutachapisha pia majimbo ambayo wabunge wao hawakujibu.